Heri Ningekuwa Friji

Mpendwa Bi Adla,

Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanichukia, maana haya sijamwambia mtu, si mume wangu, si jirani yangu Umm Nazih ninayekunywa naye kahawa kila asubuhi, na mama yangu mzazi ambaye ningemwambia ni marehemu, nami naona nikiendelea kuyameza yatanipasua kifua. Majina nimebadilisha yote, mji tu ndio nimeuacha ulivyo, Trablus yetu hii ya Lebanon, kwa kuwa Trablus ni kubwa na kila nyumba ina mama mkwe wake.

Mume wangu ni Khaldun, tuna binti mmoja, Lama, na tunaishi na mama yake Khaldun, sote tunamwita Hajja, huku mtaa wa Abu Samra, ghorofa ya nne. Hajja mapafu yake yamechakaa, alishona nguo tangu usichana kwenye karakana iliyojaa vumbi la pamba, kwa hiyo daktari akamwandikia mashine ya oksijeni, ile inayokaa sakafuni kama sanduku, inavuta hewa ya chumbani na kumpelekea puani kwa mpira, na alisema aitumie asubuhi saa kadhaa na jioni saa kadhaa, asipunguze. Mashine inataka umeme, na umeme wetu unaujua, wa serikali ukija watu wanapiga vigelegele kama amezaliwa mtoto wa kiume, ukiondoka tunangoja jenereta ya mtaa, na kwenye jenereta uwezo wetu sisi ni ampea tano. Tano tu, Bi Adla. Ukizidisha, swichi kuu ya chini ngazini inajikata, nyumba giza, mashine ya Hajja inaanza kulia tii, tii, tii, na Khaldun anatoka ngazini anapaza sauti jengo zima lisikie, "Nani kawasha? Semeni, nani kawasha nini?" halafu anashuka ghorofa nne kuipandisha na kupanda tena akihema kuliko mama yake.

Kila siku ugomvi ulikuwa huo. Nikiweka birika la chai, pa! Lama akikausha nywele, pa! Khaldun alikuwa akisema, "Umm Lama, una mikono ya kunyongea watu wewe, kila unachogusa kinazima," nami namjibu, "Mikono hiyo hiyo ndiyo inayokupikia," na Hajja chumbani anacheka huku anakohoa, anasema, "Acheni, wanangu, giza nalo ni neema, naona mnapendeza zaidi."

Basi nikaona nifanye jambo la maana. Nilinunua kipimo, kile kidogo unachokichomeka ukutani kwanza halafu chombo chako unakichomeka juu yake, kinakuonyesha kwa namba chombo kinavuta ampea ngapi, na nataka uniamini, wallahi nilikinunua kwa ajili yake yeye, nilitaka kujua ni vyombo gani vinaweza kuwaka pamoja na mashine yake bila swichi kukata, ili pumzi yake isikatike katikati. Nilipima nyumba nzima siku moja, kama mtu anayepima watoto kilo zahanati. Birika dogo, nne kasoro kidogo. Pasi sikumaliza hata kuipima, ilikata palepale. Mashine ya kufulia, televisheni, feni, taa ya Lama ya kusomea. Kila nilichopima nilikikatia kipande cha selotepu nyeupe, nikaandika namba yake kwa kalamu nzito na kukibandika, ili mtu asije kusema hakujua. Umm Nazih alipokuja akacheka mpaka akamwaga kahawa. "Umekuwa sonara," akasema. "Kwangu mimi nikipiga pasi, Abu Nazih anakatazwa hata kufikiri."

Friji nayo niliipima. Hiyo ni friji ya mama yangu, alinipa nilipoolewa, ilikuwa ya jikoni kwake, na tangu afe mimi nikiisikia inavuma naona kama yumo humo anaimba akikatakata vitunguu, maana inavuma mchana na usiku. Mpira wa mlango umelegea, tunaufunga kwa mkanda wa suruali wa zamani wa Khaldun, na chini huwa naweka tambara kwa sababu inatoa maji kidogo, lakini ni friji nzima, haijatuangusha. Nilisubiri itulie ndipo nikaipima, niliona si haki kuipima ikinguruma, na ilionyesha sifuri nukta moja. Niliandika nikabandika nikasema moyoni, mama hakuniachia chombo kinachokula. Mashine ya Hajja nilipoiwasha tu namba iliruka mpaka moja nukta tisa, nami nikaandika hiyo hiyo, nikabandika ubavuni, upande unaotazama kitanda chake. Sikufikiri. Ndipo soketi ilipokuwa.

Siku za mwanzo tulipata amani. Tukajua kwamba mashine ikiwaka, birika haliwaki, na kila kitu kikawa na zamu yake, na swichi ikatulia. Lakini mwenye jenereta naye, baada ya zile mita mpya kufungwa, hatozi tena kwa ampea ulizokodi, anasoma mita yako, na yetu ilikuwa inakimbia, mwezi hadi mwezi inakimbia zaidi, mpaka Khaldun akakaa sebuleni ameshika kichwa akasema, "Kuna kitu humu ndani kinatula, na sikijui." Mimi nilidhani nakijua. Nilikuwa nimezipima ampea zote kwa mkono wangu, na kitu chenye namba kubwa ambacho kinawaka kwa saa nyingi kilikuwa kimoja tu.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Asubuhi moja nilikuwa na Umm Nazih jikoni, umeme ulikuwa wa serikali, mashine ya Hajja inavuma chumbani kwake kule nyuma, redio ya jirani inaimba, nasi tunaongea kwa sauti kubwa kama tunavyoongea sote katika mji huu, maana bila kupaza husikiki, naye akaniuliza, "Enhe, kipimo chako kimemkamata mwizi?" nami nikafungua mdomo kujibu, na katikati ya jibu umeme ukakatika. Unakijua kile kimya, Bi Adla, kati ya umeme wa serikali kuondoka na jenereta kushika, pale mji mzima unaponyamaza na unasikia hata kijiko cha jirani. Sentensi yangu ilikuwa imeshatoka, sikuwahi kuishika, ikatoka yote ndani ya kimya kile kwa sauti ya kushindana na kelele za mashine: "Kinachotumaliza ni kile chumba cha nyuma!"

Umm Nazih aliziba mdomo wake kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Kisha jenereta ikashika, redio ikarudi, mashine ikapiga tii moja na kuendelea, na sisi tukajifanya tunaongelea bei ya nyanya.

Adhuhuri hiyo Hajja alikuja jikoni kwa mkongojo wake, jambo ambalo halifanyi, akazunguka polepole akisoma selotepu moja moja kama mtu anayesoma majina makaburini. Akafika kwenye friji. "Hii ni sifuri nukta moja?" akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, Hajja. "Na mimi moja nukta tisa." Nikasema, "Si wewe, Hajja, ni mashine." Akaitazama friji, mkanda wa mwanawe umeifunga tumboni, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa, akasema, "Heri ningekuwa friji." Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilicheka.

Tangu hapo akaanza kusema amepata nafuu. Khaldun akirudi kazini anamwambia, "Mwanangu, mapafu yamefunguka, ni ile asali ya Umm Nazih," na Khaldun anafurahi anambusu kichwa. Mimi nikakiacha kipimo kwenye mashine yake wiki nzima, kwa kuwa kinajumlisha pia yuniti chombo kilichokula, nilitaka nimwonyeshe Khaldun kwa namba, na wiki ilipoisha nikaona yuniti hazikusogea, mashine ilikuwa haijala karibu chochote. Na mimi nilifurahi, Bi Adla. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Nilifurahi kwanza, nikasema kumbe tunaweza kupumzika mwezi huu, ndipo baadaye, kama mtu anayekumbuka ameacha sufuria motoni, nikajiuliza, kama mashine haikula, Hajja alikuwa anapumua nini?

Siku iliyofuata nilirudi kutoka sokoni mapema, nikafungua mlango bila kelele. Mashine ilikuwa kimya. Hajja alikuwa amekaa dirishani, mpira uko puani umepangwa vizuri, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka, na vidole vyake vimekuwa rangi ya zambarau. Nikagonga mlango makusudi, kama ndiyo kwanza naingia, nikamwona anaunyoosha mkongojo bila kugeuka, anabonyeza swichi ya mashine kwa ncha yake, ikaanza kuvuma. "Umerudi, mwanangu?" akasema. Nikasema nimerudi. Nikaenda jikoni. Na siku zilizofuata, najua wakati ambao mashine imezimwa kwa sababu ndio wakati ninaoweza kuwasha birika. Nimewasha birika, Bi Adla, na swichi haikukata, na nimekunywa chai.

Basi yakaja ya kuja. Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, hakuitika nilipomwita kwa kifungua kinywa, midomo imekuwa bluu, Khaldun akambeba mgongoni ghorofa zote nne mpaka hospitali. Walimlaza, wakampa oksijeni ya mtungi, wakamrudisha kwetu amekuwa mdogo nusu yake, daktari akasema kuanzia sasa mashine iwake karibu muda wote, na kwamba yaliyoharibika yameharibika. Hajja hataki. Tunaiwasha, anaizima. Khaldun amelia mbele yake, amepiga magoti, yeye anamwambia tu, "Nimechoka na kelele zake, mwanangu, niache nisikilize mtaa." Khaldun anaamini mama yake amechoka kuishi, anataka amlete sheikh aongee naye. Na wifi yangu Ibtihal alipopiga simu kutoka Zahle kuuliza, Hajja akamwambia mbele yangu, "Mke wa kaka yako ananihudumia kuliko wewe uliyetoka tumboni mwangu." Alisema hivyo huku ananitazama. Hakuwa na kisasi machoni. Ingekuwa kisasi ningeshukuru.

Juzi nilikwenda kumbadilisha nguo. Selotepu ya kwenye mashine haikuwepo. Nikafungua vifungo vya gauni lake nikaikuta, ameibandika kifuani, juu ya fulana, namba yangu ameikata kwa kalamu na kuandika sifuri kwa mkono wake mwenyewe. "Haya," akaniambia, "nipime sasa."

Na lililo la ajabu, ambalo silielewi mpaka leo, mita ya jenereta mwezi huu haijashuka. Mashine imekaa kimya mwezi mzima, na mita inakimbia vilevile.

Ibtihal anakuja Ijumaa. Nimwambie Khaldun? Nikimwambia, ataniacha, na nikinyamaza, atamzika mama yake akiamini ni yeye aliyekataa kuishi. Nimlazimishe Hajja vipi? Nimekuachia namba yangu ya simu hapa chini, usiichapishe. Sina usingizi, sina hamu ya chakula, nikisikia tii naruka, na sasa hata tii siisikii.

Ni mimi,
Mwenye Selotepu, Trablus

JIBU LA BI ADLA

Binti yangu, namba uliyoniachia nimeipiga tangu barua yako iliponifikia, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara ninajibiwa kwamba mteja hapatikani. Kwa hiyo nimemwomba mhariri anipishe ukurasa wa leo, na wale waliokuwa wanangoja jibu la harusi na la shamba la mizeituni wataniwia radhi. Wao bado wanapumua.

Futa machozi, yatakuzuia kusoma, na nataka usome vizuri.

Nianze na mita yako, kwa sababu hapo ndipo ulipopotea, na si peke yako, nusu ya mji huu imepotea pamoja nawe. Sisi tumeishi na ampea tangu vita, tunakodi kwa ampea, tunagombana kwa ampea, mchumba akija kuposa tunamwuliza una ampea ngapi. Tumesahau kwamba ampea inakwambia jambo moja tu, chombo kinafungua mdomo kwa upana gani sasa hivi. Haikuambii kimekula kiasi gani mpaka jua lizame. Birika lina mdomo mpana, linakula dakika chache linanyamaza. Kuna wenye mdomo mdogo wanaotafuna kutwa kucha. Swichi ya ngazini inajali upana wa mdomo. Mita ya jenereta inahesabu tonge. Wewe umechukua namba za swichi ukahukumia nazo mita.

Na hata hizo namba za swichi hukuzipima kwa haki. Rudia mwenyewe uliyoyaandika. Friji ya mama yako uliisubiri itulie. Mashine ya mama mkwe wako uliipima ilipowaka tu, pale ambapo chombo chochote chenye mota hushtuka na kuruka, na ungesubiri kidogo ungeona namba inashuka. Mmoja umempima amelala, mwingine umempima anakimbia, kisha ukashangaa nani anatoka jasho. Akipenda, chongo huita kengeza. Friji ambayo mlango wake unafungwa kwa mkanda wa suruali, inayotoa maji chini, inayovuma mchana na usiku! Mwanamke mwenye akili kama wewe, wimbo wa mama yako ndio huo uliosikia? Hiyo ni mota isiyopumzika kwa sababu baridi yote inatorokea jikoni. Ingekuwa nzima ingekuwa kimya zaidi ya nusu ya siku. Ungekichomeka kipimo chako kwenye friji wiki nzima, kama ulivyokichomeka kwa Hajja, usingehitaji kuniandikia. Mashine ilinyamaza mwezi mzima na mita haikushuka. Umelitaja jambo hilo mwishoni kabisa, kama ajabu ya kupita njia, na hilo ndilo lilikuwa jibu lako.

Lakini ngoja. Nakujua, sasa hivi umeanza kupumua, unasema kumbe si yeye, kumbe ni friji, ningejua tu. Hapana. Hapo sikuachii.

Tuseme ningekuta kwamba ni mashine kweli. Tuseme friji haina hatia na Hajja ndiye anayekula mita yote. Ungefanya nini? Ungemwachia akae dirishani na vidole vya zambarau, kwa kuwa hesabu imekubali? Mashine hiyo hata ingekula kuliko karakana nzima ya seremala, ndiyo ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa, na kinachobaki ndicho tunachogawana sisi tunaopumua bure. Chakula kikiharibika tutakula zeituni na mkate. Ulikinunua kipimo kwa nia njema, nakuamini, sina sababu ya kutokuamini. Ila tangu ulipobandika ile selotepu ya kwanza, ukaanza kuuliza kila kitu kinakula nini na ukasahau kuuliza kinampa nani nini.

Neno lako la jikoni nakusamehe. Nani katika mji huu hajawahi kukatikiwa umeme na neno mdomoni? Mimi nilishawahi kumtaja wifi yangu hivyo hivyo, naye yuko ngazini anapanda na sahani ya halua. Selotepu nayo nakusamehe, hukufikiri. Kicheko nakusamehe, alikuchekesha makusudi ili usione anachofanya. Kilicho kizito ni birika. Ulijua mashine imezimwa, na ulijua kwa sababu chai yako ilichemka. Hilo sina mamlaka ya kukusamehe, na usilitafute kwangu wala kwa gazeti. Mwenye nalo ni mmoja, na muda wake si mrefu.

Sasa sikiliza la kufanya, na ufanye leo, usisubiri Ijumaa.

Ng'oa selotepu zote. Tumia kucha, tumia maji ya moto, isibaki hata alama. Iliyo kifuani kwake usiing'oe wewe, muombe akupe mwenyewe.

Mwambie Khaldun. Usiulize tena kama umwambie. Mwambie yote, na birika ndani yake. Unaogopa atakuacha, na huenda akakuacha, mimi si mganga wa kukuapia kwamba hatakuacha. Ila mwanamume yule anapiga magoti mbele ya mama yake akidhani hamtaki yeye na dunia yake, na anataka kumletea sheikh amfundishe subira mwanamke ambaye ameonyesha subira kuliko jengo lenu zima. Huwezi kumwachia mzigo huo abebe mpaka uzeeni kwa sababu wewe unaogopa kuachwa na kurudi kwenu. Na Ibtihal akija mwambie kabla hajavua viatu. Atakutukana. Mwache amalize.

Kisha daktari, simu, leo. Muulizeni mashine iwake kwa kiasi gani na kwa saa ngapi, mumfuate yeye, msijipimie. Mnunue kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya damuni, kinapatikana duka lolote la dawa. Ukitaka kupima kitu katika nyumba hiyo, pima hicho, na namba yake ikishuka kimbia. Muombeni pia mtungi mdogo wa akiba wa kumshika pale umeme unapokatika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Hajja amewaficheni kwa ustadi wa fundi cherehani, hakuacha uzi unaoning'inia. Msimwamini akisema ana nafuu.

Kuhusu friji, sitaki uibadilishe kimyakimya akiwa amelala. Mwombe Khaldun amlete Hajja jikoni kwenye kiti. Mbele ya macho yake ifungue huo mkanda, toa kilichomo, nusu mpe Umm Nazih, nusu pikeni, halafu chomoa plagi. Najua ni ya mama yako. Najua jikoni patakuwa kimya na utalia, na ulie, ni haki yako, umefiwa mara ya pili. Lakini mama yako hayumo humo, binti yangu. Yuko alipo, na kama anakuona, sidhani kama anafurahi kuona umemfanya yeye kuwa sifuri nukta moja na mwanamke mwenzake moja nukta tisa. Ikae imezimwa mpaka mpate fundi wa kuweka mpira mpya wa mlango.

Na Hajja mwenyewe? Usimlazimishe, hutamweza, mtu aliyeamua kujiondoa ili wenzake wapumzike hana mahali pa kumshika. Usimpelekee supu badala ya maneno. Usimwambie "ni mashine, si wewe", alishakujibu hilo. Usimweleze hata habari ya friji kwanza, atadhani umerudi kwa sababu hesabu imegeuka, na huenda akawa na haki ya kudhani hivyo. Mwambie kwanza ulilolisema na ulilolijua. Friji baadaye.

Sikuahidi kwamba atakubali. Sikuahidi kwamba akikubali itafaa, daktari amekwisha kukwambia yaliyoharibika yameharibika, na samahani haijawahi kurudisha pafu. Inawezekana unaisoma karatasi hii umefungiwa ndani yake mkate, na kile chumba cha nyuma kimeshafagiliwa. Ikiwa ni hivyo, mwambie Khaldun hata hivyo.

Lakini ikiwa bado yupo, kaa kitandani kwake asubuhi, wakati umeme wa serikali upo, redio ya jirani inaimba na mtaa unapiga kelele. Usiseme kitu, mshike tu mkono. Umeme wetu unakatika, hilo halijawahi kutuangusha. Ukikatika, usiinuke, usiite nani kawasha, usingoje jenereta ishike. Katika kimya kile kile ulimolitupia lile neno, mwambie hayo, ulilolisema na ulilolijua, kwa sauti yako ya kawaida, huna haja ya kupaza. Atakusikia. Amekuwa akikusikia siku zote.